Kabla ya Kumpisha Mmoja, Tuwahesabu Wanaosubiri

Asiyepata kusubiri feri pale Likoni hajui maana ya foleni. Magari hujipanga, watu husongamana, na gari la wagonjwa likija hupishwa. Hakuna anunaye, kwani uhai wa mtu haungojei shehena ya nazi. Lakini lau kila gari lingefunga king'ora, nani angempisha mwenziwe?

Swali hilo limo pia katika mitandao ya kompyuta. Sauti, picha na barua husafirishwa kwa vipande viitwavyo pakiti, na njia ikijaa pakiti hupanga foleni. Sauti ikichelewa, mazungumzo hukatika. Barua ikichelewa kidogo, hadhuriki mtu. Ndiyo maana mwaka 1998 wahandisi wa intaneti walitenga biti 6 katika kichwa cha kila pakiti, zitoshazo alama 64 za daraja.

Wako wadhanio kuwa kipaumbele hupanua njia. La, hasha! Zilizopanua njia ni nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009. Kipaumbele huamua tu nani atangulie na nani angoje.

Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe waweza kulithibitisha hili darasani kwa kunde na mahindi. Tuseme njia hupitisha pakiti 10 kwa sekunde. Kila sekunde zaja 4 za sauti, ndizo kunde, na 8 za barua, ndizo mahindi. Sauti ikitangulizwa, kunde zote zitapita, mahindi 6 yatafuata na 2 yatabaki. Baada ya dakika moja, mahindi 120 yamo folenini. Sasa ongeza kunde ziwe 10 kila sekunde: haitapita hata punje moja ya mahindi. Hapo mwanafunzi atajionea mwenyewe kwamba hata mtangulizi sharti awekewe kiwango, tuseme 5 katika kila 10.

Programu ya ns-3, ipatikanayo bure, huigiza mambo hayo hayo kwa maelfu ya pakiti, bila kuhatarisha mtandao wa mtu yeyote.

Methali yasema mwenye nguvu mpishe. Katika mtandao wa shule isiwe hivyo. Tukiweka kanuni bila kuzijaribu, mkutano wa ofisini utapita kwa picha na sauti, na kazi ya mwanafunzi itaachwa gatini. Naye hana king'ora.