Kuchagua Gari la Kuvuta Tela Lililobeba Gari la Mashindano

Anayekusudia kuvuta gari la mashindano kutoka Tunduma kwenda Mbeya asitazame ukubwa wa injini pekee. Aanze na uzito. Gari la kilo 1,200 likiwekwa juu ya tela la kilo 600, mzigo ni kilo 1,800, kabla ya matairi ya akiba na vifaa.

Soma kikomo cha kuvuta katika kitabu cha gari, usitegemee maneno ya dalali. Kwa magari mengi, tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750.

Songwe ni nyanda za juu: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hatari kubwa zaidi imo katika mteremko, ambapo tela husukuma gari jepesi na breki zilizopata moto hulegea. Chagua gari lenye uzito usiopungua ule wa mzigo, na ushuke kwa gia ndogo.

Kabla ya kulipa, hakikisha kiungio cha tela kimefungwa kwenye chasi, si kwenye bampa, na uwezo wa kuvuta umeandikwa katika mkataba wa mauzo.