Kuunganisha Kiwambo cha Kugusa na Kompyuta Ndogo: Maelezo kwa Ofisi, Skuli na Zahanati za Mbulu na Hanang

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara, wanaelezwa hapa namna ya kuunganisha kiwambo cha kugusa na kompyuta ndogo ya bodi moja inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Kiwambo ni kile kioo ambacho mtu hukiona na kukigusa kwa kidole, mfano wa kioo cha simu. Kazi ya kukiunganisha ni ya nusu saa, na asiyepata kuifanya kabla anaweza kuimaliza kwa bisibisi ndogo na mkono wenye utulivu. Lakini aghalabu kifaa kilichowaka vyema asubuhi huonekana kimezimika jioni, au kioo huwaka na kuzima chenyewe, au majina yaliyoandikwa daftarini hupotea. Na sababu huwa si kioo wala si programu, bali ni umeme uliopelekwa pungufu. Kwa hivyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye umeme.

Kompyuta inayokusudiwa khasa ni Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza tarehe 29 Februari 2012. Ukubwa wake unakaribia kadi ya benki. Haina kioo, haina kibodi, wala haina diski. Kumbukumbu zake hukaa katika kadi ndogo kama ile itumikayo katika simu.

Katika nyanda hizi mashine hiyo si ngeni. Katika Wilaya ya Karatu, ambayo hadi miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya Mbulu, Skuli ya Sekondari ya Banjika ni miongoni mwa skuli zilizopatiwa kompyuta za namna hiyo na shirika la Powering Potential la Marekani. Zilifungwa ziendeshwe kwa nguvu za jua, na masomo yakahifadhiwa humo humo skulini ili mwanafunzi asome bila ya kutegemea intaneti. Jambo lililozifanya zifae mahali kama hapo ni hesabu ya wati, na hesabu yenyewe inafaa ifahamike na kila mwenye dhamana ya kununua vifaa.

Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, kwa makisio ya kawaida, hutumia wati 100. Raspberry Pi ya aina ya 4 pamoja na kiwambo cha inchi 7 hutumia kiasi cha wati 10 zikiwa kazini. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikitakiwa idumu, basi zilizopo ni 300. Kompyuta ya mezani itazimaliza kwa saa 3. Ile ndogo itakwenda saa 30, kabla ya kutoa kile kinachopotea njiani.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki dunia. Siku ya namna hiyo ndiyo siku ambayo daftari la ofisi ya Kata, yaani Wadi kwa desturi ya Visiwani, hutakiwa kuliko siku nyingine yoyote: kaya ngapi zilikuwa bondeni, nani anaishi wapi, nani hajaonekana. Daftari lililomo ndani ya mashine inayotegemea nguzo za umeme peke yake halitasomeka nguzo zikianguka. Wakaazi wa Unguja hawana haja ya kuelezwa jambo hili, kwani kuanzia Mei 2008 walikaa kiasi cha mwezi mmoja, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kiasi cha miezi mitatu, bila ya umeme wa kutoka Tanzania Bara. (Na hata penye betri, nakala ya daftari iwekwe nje ya mashine kila wiki. Kadi ndogo haina huruma.)

Sasa kuhusu kiwambo chenyewe. Kwa namna kinavyohisi kidole, viko vya aina mbili. Cha kwanza huhisi ngozi ya mtu; ni chepesi na hutambua vidole zaidi ya kimoja kwa pamoja, lakini hakimtii aliyevaa glavu nene, na maji yakikidondokea huchanganyikiwa. Cha pili huhisi mkandamizo, hivyo hukubali glavu, kalamu na hata ukucha. Hata hivyo huchakaa upesi na picha yake aghalabu si angavu. Kwa ofisi na skuli, cha kwanza kinafaa. Kwa ghala, au mahali ambapo mtu hutoka shambani na mikono yenye udongo, cha pili kisidharauliwe.

Viwambo hutofautiana pia kwa njia ya kuunganishwa. Kile ambacho watengenezaji wa Raspberry Pi walikitoa mwaka 2015, cha inchi 7, hupokea picha kwa utepe mwembamba unaoingia katika tundu liitwalo DSI, na alama za kidole hurudi kwa utepe huo huo. Vingine hupokea picha kwa waya wa HDMI, navyo huhitaji waya wa pili, wa USB, ili kidole kitambulike. Mtu anayeunganisha HDMI peke yake hupata picha nzuri isiyojibu anapoigusa, akadhani amenunua kiwambo kibovu. Hapana ubovu, umesahauliwa waya mmoja.

Kabla ya kununua utepe, itazamwe aina ya kompyuta. Raspberry Pi 4 ina tundu la meno 15. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ina tundu dogo zaidi la meno 22, na utepe wa zamani hauingii. Hutakiwa utepe ambao ncha moja ni pana na nyingine nyembamba. Ile ndogo kabisa iitwayo Zero haina tundu hilo kabisa.

Kazi ianze mashine ikiwa imezimwa na umeme umeondolewa. Kifuniko cha tundu kinyanyuliwe taratibu kwa kucha, maana ni plastiki na huvunjika. Utepe uingizwe ukiwa umenyooka, na upande wenye mistari ya chuma uelekee meno ya chuma yaliyomo ndani ya tundu, kisha kifuniko kirudishwe. Utepe uliogeuzwa, au ulioingia kwa mshazari, ndio sababu ya kwanza ya kioo kubaki cheusi.

Kiwambo cha mwaka 2015 huhitaji pia nyaya mbili za umeme kutoka kwenye safu ya pini 40 ya kompyuta. Waya mwekundu huenda pini ya 2 au ya 4, ambazo hutoa volti 5, na mweusi huenda pini ya 6. Pini zihesabiwe mara mbili kabla ya kuwasha. Pini za mawasiliano zilizo jirani hustahamili volti 3.3 tu, na zikipelekewa volti 5 bodi nzima huweza kuungua. Kosa hili halina matengenezo.

Mashine ikiwashwa, mfumo wa Linux wa sasa hukitambua kiwambo hicho wenyewe, maadamu katika faili liitwalo config.txt mna mstari usemao display_auto_detect=1, ambao kwa kawaida umo tangu mwanzo. Kiwambo kikitakiwa kufungwa ukutani juu chini, picha na mguso vigeuzwe kwa pamoja. Ikigeuzwa picha peke yake, mtu atagusa juu na jibu litatokea chini.

Kibodi ya kwenye kioo imekuwamo katika mfumo wa Raspberry Pi tangu mwishoni mwa 2024. Kwa Kiswahili haina taabu, kwani herufi zake ni zile zile za kawaida. Wanaoandika Kiiraqw wajue kwamba alama ya mkwaju, ambayo katika lugha hiyo ni herufi kamili, imo katika ukurasa wa alama na si pamoja na herufi. Hali kadhalika, programu za Linux kwa Kiswahili si jambo la leo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi ziitwazo Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Yanabakia matatizo ya umeme, na hapa ndipo wengi hukosea. Raspberry Pi 4 hutaka volti 5 na ampea 3. Aina ya 5 hutaka ampea 5. Chaja ya simu haitoshi, hata kama tundu lake linaingia. Volti zikishuka chini ya 4.63, mashine huonyesha alama ya radi pembeni mwa kioo, na hapo hupunguza kasi. Zikizidi kushuka huzimika, na ikizimika wakati inaandika kwenye kadi, faili lililokuwa wazi huharibika. Waya mwembamba wa mita mbili unaweza kupoteza nusu volti au zaidi, hata kama chaja ni ya sawasawa. Kwa hivyo waya uwe mfupi na mnene. Penye betri ya volti 12, kiwekwe kishushi cha volti chenye uwezo wa ampea 5, karibu na kompyuta na si karibu na betri, na fyuzi iwekwe kwenye waya unaotoka betrini.

Mashine izimwe kwa amri ya kuzima iliyomo kwenye kioo, na siyo kwa kuchomoa waya. Kibandiko chenye maneno hayo kibandikwe chini ya kiwambo, kwa ajili ya mfanyakazi mgeni.

Kabla ya kukifunga kifaa ukutani, kiachwe kiwake usiku mmoja kwa betri pekee, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa. Asubuhi, kabla ya kuzima, iandikwe amri vcgencmd get_throttled. Likija jibu 0x0, umeme haukupungua hata mara moja tangu mashine ilipowashwa. Likija jibu linaloonyesha kwamba umeme ulipungua, waya na kishushi vibadilishwe kwanza, na usiku wa majaribio urudiwe.