Kwa Nini Msumari Haugeuzi Mpapai Dume

Mpapai ukistawi, ukarefuka na kutoa maua mwezi baada ya mwezi bila kuzaa, humkera mwenye shamba. Wapo wanaoupigilia msumari shinani, wapo wanaoukata kilele, wakiamini kwamba ukiumizwa utageuka kuwa jike. Na kuna wakati mpapai huo hutoa mapapai mawili matatu kweli, imani ikazidi kuota mizizi. Ukweli wake umo ndani ya ua.

Chuma ua la mpapai dume ulipasue kwa ukucha. Maua haya huning'inia kwa makundi kwenye vikonyo virefu, na kila moja ni kijibomba chembamba. Karibu na mdomo wake utaona stameni kumi, zinazotoa chavua. Katikati kumesimama kitu chembamba kama uzi: ni ovari iliyoanza kuumbwa ikaishia njiani. Ua la mpapai jike ni kubwa zaidi, limekaa karibu na shina, na ndani yake mna ovari nene ya mviringo, ambayo ndiyo itakayokuwa papai. Stameni hazimo kabisa. Aina ya tatu ni mpapai wa jinsia mbili, wenye stameni na ovari katika ua moja. Huu hujichavusha wenyewe, na matunda yake huwa marefu, ilhali ya jike huelekea kuwa ya mviringo.

Jinsia hiyo huamuliwa na kromosomu. Mpapai jike una X mbili. Dume una X na Y. Wa jinsia mbili una X na Y ya namna yake, inayokaribia kulingana na ile ya dume. Watafiti waliozilinganisha wanakadiria kuwa Y hizo mbili zilitengana miaka ipatayo 4,000 iliyopita huko Amerika ya Kati, asili ya mpapai, pengine kwa sababu wakulima walikuwa wakichagua mbegu. Mbegu inayorithi Y kutoka pande zote mbili hufa ikiwa bado changa.

Kwa hiyo jike likichavushwa na dume, karibu nusu ya miche huwa dume na nusu jike. Mpapai wa jinsia mbili ukijichavusha, theluthi mbili ya miche hufuata mzazi, theluthi moja huwa jike, na dume halipatikani.

Hakuna msumari unaobadilisha kromosomu. Ila katika mpapai dume uwezo wa kujenga ovari umezuiwa tu, haukufutwa, na majira yakibadilika kizuizi hicho hulegea. Hapo hujitokeza maua machache ya jinsia mbili, na mapapai yake huning'inia kwenye vikonyo virefu. Mpapai wa jinsia mbili nao huyumbishwa na hali ya hewa: joto likizidi, ovari hudumaa na maua hayazai, baridi ikizidi, stameni hugandamana na ovari na papai hutoka limejikunja. Jike halitetereki.

Kwenye maboga na matango mambo ni tofauti. Mmea mmoja hubeba maua dume na maua jike, na kila kichomozo cha ua huanza na viungo vya jinsia zote mbili kabla ya kimoja kusimamishwa. Mwamuzi mkubwa hapo ni etilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ambayo huelekeza maua kwenye ujike. Maua ya kwanza ya mmea wa maboga kwa kawaida huwa dume, hivyo yakipukutika bila tunda usiung'oe mmea. Maua jike yanafuata, na utayatambua kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali.

Miche ya mpapai haiwezi kutofautishwa kwa macho kabla ya kutoa maua. Panda mitatu kwa kila shimo, subiri maua, kisha bakiza mmoja. Kama mbegu zimetoka kwenye mpapai wa jinsia mbili uliojichavusha, uwezekano wa miche yote mitatu kuwa jike ni 1 kati ya 27 tu. Kama ni mbegu za dume na jike, acha dume moja kwa takriban majike kumi. Ukiyang'oa madume yote kwa hasira na jirani hana hata moja, maua mengi ya majike yatapukutika kwa kukosa chavua.