Sola ya plastiki: mwenye mtumbwi asubiri au anunue?

UKISHUKA Igoma, kando ya barabara ya Musoma, hukosi duka lenye paneli ya sola imeegeshwa mlangoni. Hivi karibuni mama mmoja mwenye mitumbwi miwili ya dagaa aliniuliza kama anunue ya kioo sasa, au asubiri "ile ya plastiki inayokunjika" ambayo mwanawe amemwambia inakuja kwa bei ya chee. Anataka kuachana na karabai. Fedha yenyewe ni ya mkopo wa kikundi, kwa hiyo swali si dogo.

Paneli nyingi zinazokunjika zilizoko madukani ni silikoni ile ile, imebandikwa tu juu ya plastiki. Plastiki hiyo haizalishi kitu.

Hata hivyo, plastiki inayopitisha umeme ipo kweli, na ilianza kwa makosa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya Hideki Shirakawa mjini Tokyo, kichocheo kilizidishwa mara elfu moja, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Mwaka 1977, huko Marekani, yeye na wenzake Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliutia iodini (madini joto tunayoyajua kwenye chumvi), uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kumi. Mwaka 2000 wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Iodini hunyakua elektroni na kuacha nafasi wazi. Fikiria foleni ya ndoo bombani: ya mbele ikiondoka, inayofuata inasogea, na ile nafasi tupu inarudi nyuma hadi mwisho wa foleni. Nafasi hiyo ndiyo mchukuzi wa umeme. Lakini haikimbii kama elektroni kwenye waya wa shaba. Inaubonyeza mnyororo wa plastiki kama mtu anayetembea juu ya godoro, bonde linakwenda naye, na mnyororo ukiisha lazima iruke kwenda mwingine. Ndani ya sola, ikichelewa njiani hukutana na elektroni, zikafutana, na umeme ukapotea. Ndiyo maana watafiti huimulika plastiki kwa mwanga wa ghafla na kupima muda ambao wachukuzi hao wanatumia kufika upande wa pili.

Si kazi ya Wazungu na Wajapani peke yao. Chuo Kikuu cha Addis Ababa kimeifanya kwa miaka mingi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden.

Vipande vidogo vya maabara sasa hugeuza zaidi ya asilimia 18 ya mwanga kuwa umeme. Tatizo ni uhai: jua, hewa na unyevu huvichakaza, na ziwani vyote vitatu viko tele. Silikoni nzuri hupewa dhamana ya miaka 20 hadi 25.

Tuseme paneli ya Sh 100,000 inadumu miaka 20: ni Sh 5,000 kwa mwaka. Nyingine yenye nguvu hiyo hiyo, ya Sh 60,000, ikifa baada ya miaka mitatu, ni Sh 20,000 kwa mwaka.

Nilimshauri mama asisubiri. Akauliza: na betri je? Hiyo huchoka mapema kuliko paneli, na mkopo wake haukuwa umeihesabu.