Damu baada ya kukoma hedhi, na saratani zinazofuata ukoo

Katika semina za afya kwa akina mama wa Kilakala, tunaulizwa mara kwa mara: "Nilipimwa mlango wa kizazi nikaambiwa niko salama. Mbona natoka damu wakati hedhi ilikwisha zamani?"

Kipimo kile cha kupaka siki huangalia mlango wa kizazi tu. Utando ulioko ndani ya mfuko wa uzazi hakiuoni. Utando huo hujengeka na kubomoka kila mwezi tangu binti anapovunja ungo, na kila seli inapojigawa, maelekezo ya urithi yaliyomo hunakiliwa upya. Makosa hutokea, nazo jeni fulani huyasahihisha. Wapo watu wanaozaliwa na mojawapo ya jeni hizo ikiwa na kasoro. Hali hiyo huitwa sindromu ya Lynch, na huleta zaidi saratani ya utumbo mpana na ya utando wa mfuko wa uzazi, mara nyingi kabla ya miaka 50. Kwa mwanamke ambaye kasoro iko kwenye jeni ya MLH1 au MSH2, uwezekano wa kupata saratani ya utando huo maishani unakaribia nusu.

Aliyeanza kuihisi hakuwa mtaalamu. Mwaka 1895, fundi cherehani mmoja wa Michigan, Marekani, alimwambia Dk. Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama ndugu zake. Warthin akaorodhesha ukoo wake, akachapisha habari hizo mwaka 1913. Mama yule alikufa kweli kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Jeni zenyewe zilianza kutambuliwa mwaka 1993.

Hapa Uluguru ukoo hufuata mama. Kwa mashamba ni sawa, lakini jeni hazijui utaratibu huo. Baba mwenye kasoro anaweza kumrithisha mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, nusu kwa nusu. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za ukoo, usimtaje mama mkubwa ukamwacha shangazi. Na wale tunaosema "waliumwa tumbo tu", au walirogwa, watajwe pia pamoja na umri waliofariki.

Damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, si ya kawaida. Mara nyingi si saratani, lakini haijulikani bila kupimwa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ueleze wazi, upigwe ultrasaundi. Ikibidi watachukua kinyama cha utando kikapimwe. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji pekee hutosha. Wanaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Mwenye sindromu ya Lynch hushauriwa kuchunguzwa kila mwaka tangu miaka 30 hadi 35, na akishamaliza kuzaa, hasa anapofikia miaka 40, azungumze na daktari bingwa kuhusu kuondoa kizazi. Mazungumzo hayo mume naye ayasikie, maana tumeona maamuzi yakikwama nyumbani.

Anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti naye asinyamazie damu: dawa hiyo huweza kuunenepesha utando huo.