Berti Vogts: Beki aliyemkaba Cruyff, kocha aliyekabwa na kivuli cha Beckenbauer

DAKIKA nne tu zilikuwa zimepita katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Munich, Julai 7, 1974, wakati mwamuzi Jack Taylor wa Uingereza alipomwonyesha kadi ya njano beki wa kulia wa Ujerumani Magharibi. Kosa lake lilikuwa kumchezea rafu Johan Cruyff. Wakati huo Uholanzi ilikuwa tayari inaongoza kwa bao la penalti, iliyopatikana baada ya Cruyff huyo huyo kuangushwa na Uli Hoeness.

Beki huyo alikuwa Hans-Hubert Vogts, ambaye ulimwengu wa soka unamfahamu kwa jina la Berti. Alikuwa na kimo cha sentimita 168, na mbele yake zilibaki dakika 86 za kumkaba mtu aliyekwisha kutwaa mara mbili tuzo ya mwanasoka bora wa Ulaya, huku akijua kwamba kosa jingine kama lile lingeweza kumtoa uwanjani.

Hakutolewa. Alimganda Cruyff kama ruba, akimfuata kushoto, kulia na hata katikati ya uwanja, mpaka Mholanzi huyo akawa anarudi nyuma kutafuta mpira mahali asipoweza kudhuru. Paul Breitner alisawazisha kwa penalti, Gerd Müller akafunga la pili kabla ya mapumziko, na Ujerumani Magharibi ikatwaa kombe kwa ushindi wa 2-1.

Ili kuelewa thamani ya kazi ile, ni vema kukumbuka jinsi timu nyingi za enzi hizo zilivyojilinda. Kila beki alikabidhiwa mtu wake, akamfuata popote alipokwenda. Nyuma yao alikuwapo mchezaji mmoja asiye na mtu wa kumkaba, aliyeziba mianya na kupanda na mpira apendapo. Katika timu ya Ujerumani, mtu huyo huru alikuwa nahodha Franz Beckenbauer. Uhuru wake ulilindwa na jasho la akina Vogts, ingawa picha za magazeti zilimwendea yeye. Wajerumani walimpachika Vogts jina la Terrier, yule mbwa mdogo wa kuwindia asiyeachia alichokiuma.

Ukali huo ulikuwa na chimbuko lake. Vogts alizaliwa Desemba 30, 1946 katika mji mdogo wa Büttgen, akapoteza wazazi wote wawili akiwa bado mtoto na kulelewa na shangazi. Alijifunza ufundi wa kutengeneza vifaa vya viwandani kabla ya kujiunga na Borussia Mönchengladbach mwaka 1965. Hakuhamia klabu nyingine hadi alipostaafu mwaka 1979. Katika miaka hiyo 14 alicheza mechi 419 za ligi kuu, akatwaa ubingwa mara tano na Kombe la UEFA mara mbili. Timu ya taifa aliichezea mara 96.

Hata hivyo, beki hukumbukwa kwa siku aliyoteleza. Mwaka 1977, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mjini Rome, Kevin Keegan alimhangaisha usiku kucha, na rafu yake kwa Mwingereza huyo ilizaa penalti iliyoikamilishia Liverpool ushindi wa 3-1. Mwaka uliofuata, mjini Cordoba, Argentina, akiwa nahodha, alijifunga bao katika kipigo cha 3-2 kutoka kwa Austria. Huo ukawa mchezo wake wa mwisho katika jezi ya taifa.

Alianza ukocha na vijana wa chini ya miaka 21, kisha akawa msaidizi wa Beckenbauer katika timu ya wakubwa. Baada ya kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1990, Beckenbauer aling'atuka. Kabla ya kuondoka alitamka kwamba, kwa kuwa wachezaji wa Ujerumani Mashariki wangeungana na wale wa Magharibi, timu hiyo isingefungika kwa miaka mingi. Huenda aliitamka kauli hiyo kwa furaha ya ushindi tu, lakini mzigo wake ulimwangukia mrithi. Tangu siku hiyo, Vogts akishinda ilionekana ni wajibu, na akifungwa ilikuwa aibu.

Akafungwa na Denmark 2-0 katika fainali ya Mataifa ya Ulaya mwaka 1992. Mwaka 1994 nchini Marekani alimrudisha nyumbani Stefan Effenberg kwa kuwaonyesha mashabiki kidole cha matusi, kisha Bulgaria ikamtoa katika robo fainali kwa mabao 2-1.

Mwaka 1996 nchini Uingereza ndipo Vogts alipojibu. Beki wake Jürgen Kohler aliumia katika mechi ya kwanza. Nusu fainali ilichezwa Wembley mbele ya wenyeji, bila nahodha Jürgen Klinsmann aliyekuwa majeruhi, na Ujerumani ikashinda kwa penalti. Kufikia fainali, Andreas Möller na Stefan Reuter walikuwa wanatumikia adhabu ya kadi, na majeruhi walikuwa wengi kiasi kwamba UEFA iliruhusu mchezaji wa ziada aitwe. Jamhuri ya Czech ilitangulia kufunga. Vogts akamwingiza Oliver Bierhoff, aliyesawazisha, kisha akafunga bao la dhahabu dakika ya 95.

Sifa za mashindano hayo zilimwendea zaidi Matthias Sammer, mzaliwa wa Dresden upande wa Mashariki, aliyecheza nafasi ile ile ya mtu huru ambayo zamani ilikuwa ya Beckenbauer. Miaka miwili baadaye Croatia iliichapa Ujerumani 3-0 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, na Septemba 1998 Vogts akajiuzulu. Kati ya mechi 102 alikuwa amepoteza 12 tu.

Baada ya hapo alizunguka Leverkusen, Kuwait na Scotland, ambako kipigo cha 6-0 mjini Amsterdam mwaka 2003 kiliizima ndoto ya kwenda Ureno. Akiwa na Nigeria, alitolewa katika robo fainali ya Mataifa ya Afrika mwaka 2008 na Ghana iliyomaliza ikiwa na wachezaji 10. Azerbaijan ilimvumilia kwa zaidi ya miaka sita.

Mwaka 2014 Klinsmann, nahodha wake wa Wembley, alimchukua kuwa mshauri wa timu ya Marekani katika Kombe la Dunia nchini Brazil. Ratiba iliwapangia Ujerumani katika kundi lao. Mjini Recife, Juni 26, Ujerumani ilishinda 1-0, na timu zote mbili zikasonga mbele.