Unahama nyumba? Pima rezo mbele ya kulipa garanti

Kila mwaka vijana wetu wengi wanatoka Omate, Walikale na Masisi kuja kutafuta chumba hapa Goma. Wanauliza komisionere maswali yale yale: nyumba ni dola ngapi kwa mwezi, garanti ni ya miezi mingapi, maji iko mbali namna gani, choo ni ya watu wangapi. Swali la rezo linakuja nyuma kabisa, wakati matelas imeshaingia na feza ya garanti imeshalala mu mfuko wa mwenye nyumba. Hapo njo mtu anagundua kama simu yake inashika vizuri barabarani, lakini ndani ya chumba inakufa.

Mbele, hii haikuwa shida kubwa. Leo iko shida. Bourse zinaombwa kwa intaneti na zinafunga saa kamili, hazingojei mtu. Memwari inatumwa kwa prof kupitia imeli. Kazi za kutafsiri, za kuandika, za kuingiza data, zinafanyika mu nyumba na tajiri iko Nairobi ama Bruxelles. Na benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hata feza ya chakula watu walikuwa wanaingojea kwa simu. Kwa hiyo rezo ya nyumba ni kama maji: unaiangalia mbele ya kuingia.

Tuanze na kitu ambacho kinachanganya watu mingi. Mu nyumba kuna rezo mbili, si moja. Ya kwanza inatoka kwa mnara wa kampuni (ama kwa satelaiti) mpaka kwa modemu. Ya pili ni Wi-Fi, inatoka kwa modemu mpaka kwa simu yako na ordinatere yako. Zile alama za Wi-Fi unaona juu ya simu zinahesabu hii ya pili peke yake. Unaweza kuwa na Wi-Fi imejaa na hakuna kitu kinafunguka, juu modemu yenyewe iko na njaa. Ukielewa hiyo, nusu ya matatizo unayatengeneza bila kuita mtu.

Sasa, nyumba za Goma. Nyingi ni za mbao na mabati, zingine ni za mawe ya volkano na sima. Mbao haina neno, rezo inapita. Ukuta mnene wa mawe unakula rezo sana, na bati ndiyo mbaya zaidi kwa sababu chuma inarudisha mawimbi kule yalikotoka. Chumba cha nyuma mu parsele, chenye bati juu, ukuta wa mawe pande zote na dirisha moja inayoangalia ukuta wa jirani, ni sanduku. Hakuna kampuni itakusaidia mule kama hautoi modemu karibu na mwangaza.

Njo maana ninasema: pima mbele ya kulipa. Usipime saa nne asubui wakati watu wako kazini. Rudi kati ya saa moja na saa tatu za usiku, wakati kartie nzima iko mu nyumba na kila mtu anaangalia video. Mnara ni mmoja, watu wote wanagawana uwezo wake. Rezo ya asubui na rezo ya usiku ni kama rezo za miji miwili tofauti. Kuja na laini za kampuni mbili ama tatu, Airtel, Vodacom, Orange, azima kwa marafiki kama haunazo. Ingia mpaka kwenye utaweka meza ya kusomea, funga mlango, kisha jaribu.

Kwa simu nyingi za Android, ukiandika *#*#4636#*#* mahali pa kupigia, inafunguka ukurasa wenye habari za simu, na ndani yake kuna nguvu ya rezo kwa kipimo cha dBm. Ni namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokuwa karibu na sifuri, ndivyo iko nzuri. Kwa 4G, -85 ni vizuri, -100 utavumilia, -115 ni mateso. Na usiseme tofauti ni ndogo: kila 10 ukishuka, nguvu inagawanywa kwa kumi. Kutoka -80 mpaka -110 umepoteza mara elfu moja. Simu inayokataa hii kodi, unaweza kupakua programu ya bure ya kupima, inaonyesha namba ile ile.

Tembea na simu mu chumba. Utashangaa: karibu na dirisha unaona -92, hatua tatu nyuma unaona -108. Basi modemu itakaa pa dirisha, juu, upande wa mnara, si chini ya kitanda eti wezi wasiione. Kama parsele iko mbali sana na mnara, tafuta modemu yenye tundu mbili za antene ya inje. Ile antene inafungwa juu ya mti ama juu ya paa, waya inaingia ndani, na ukuta hauna tena la kusema. Waya iwe fupi lakini, juu ikiwa ndefu inakula kile antene imeleta.

Halafu uliza jirani. Si komisionere, yeye anataka komisio yake. Jirani mwenye anaishi pale tangu miaka atakwambia kampuni gani inakufa kila jioni na gani inakaa. Mwanafunzi mwenzako mu avenyu ile ile anajua zaidi kuliko tangazo lolote.

Tupite sasa kwa aina ya koneksio. Kwa mwanafunzi wa peke yake, simu yenyewe inatosha: unafungua sehemu ya kugawa, ordinatere inakamata. Mukiwa wawili watatu mu nyumba, modemu ya 4G ni bora, juu inashika watu wengi na haimalizi batri ya simu yako. Ukinunua ya mukono wa pili, jaribu na laini ya kampuni ingine mbele ya kulipa. Modemu zingine zimefungwa kwa kampuni moja na kuzifungua ni feza ingine. Na laini ile ndani ya modemu iandikishwe kwa jina lako, na karte yako ya elektere. Nimeona vyumba ambapo laini ilikuwa ya rafiki, rafiki akahama, namba ikaenda naye pamoja na forfe ya mwezi mzima.

Kuna pia kampuni ndogo zinazokuja kufunga antene juu ya nyumba yako, inayoangalia antene yao ingine juu ya jengo ama kilima, na mahali fulani mu mji kuna waya ya fibre inapita. Hizi ni nzuri kwa nyumba yenye watu wengi ama ofisi, na bei haihesabiwi kwa mega. Lakini zimefungwa kwa nyumba. Uliza mambo manne na jibu liandikwe: antene ni ya nani siku nikihama, kuihamisha ni ngapi, ikikatika siku tano mutapunguza bei, na nani anapiga tundu mu ukuta. Hii ya mwisho usiidharau. Mwenye nyumba anaweza kukata garanti yako kwa tundu moja tu.

Kuhusu kasi, matangazo yanasema mega kumi, watu wanaelewa mega kumi za fayilo kila segonde. Hapana. Kasi inahesabiwa kwa biti, fayilo inahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mega kumi za kasi zinakupa mega 1.25 za fayilo kwa segonde. Fayilo ya giga moja itachukua dakika kama kumi na tatu, kama rezo imetulia. Kwa masomo hiyo inatosha sana. Mimi ninaona kijana hana sababu ya kulipa kasi kubwa. Alipie rezo isiyokatika.

Kinachomaliza forfe si masomo. Mkutano wa video unaweza kula karibu giga moja kwa saa; ukifunga kamera na kubakisha sauti, unashuka mpaka makumi ya mega tu. Windows nayo inapenda kujipakulia vitu vyake usiku bila kuuliza. Ingia mu mipangilio ya Wi-Fi, iambie kama koneksio hii inahesabiwa, itaacha. WhatsApp pia, ikataze kupakua video yenyewe. Mu nyumba ya watu wanne, hayo tu yanaweza kuokoa forfe ya wiki.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo juu ndipo wengi wanaanguka. Goma iko na umeme wa Virunga unaotoka Matebe upande wa Rutshuru, iko na SNEL, na tangu 2020 iko na ule wa jua wa Nuru. Lakini mwisho wa Januari 2025 wakati wa vita tulijua wote maana ya kukosa umeme siku nyingi. Modemu ndogo inakula wati 5 mpaka 10 tu, kwa hiyo batri ndogo ya kuokoa ruta, ile yenye kutoa volti 12, inaibeba masaa mingi. Angalia tu kwenye adapta ya modemu imeandikwa volti ngapi. Kuna za 5, za 9, za 12. Ukichomeka ya 5 mu 12 umeiua. Na usiunge batri ya gari moja kwa moja bila kifaa cha kutuliza volti, kwa sababu wakati pano inaichaji, ile 12 inapanda mpaka kupita 14.

Satelaiti ni hadithi ingine. Mu Machi 2024 ARPTC ilikataza Starlink mu Kongo, kisha mwanzoni mwa Mei 2025 ikatangaza kama imepewa ruhusa. Katikati, watu walikuwa wanatumia akaunti zilizofunguliwa nchi za jirani. Rwanda iliipata mu 2023. Kama mtu anakuuzia sahani yenye akaunti ya inje, jua kama kampuni yenyewe inataka akaunti ihamie nchi unayoishi ukizidisha miezi miwili. Siku ikikatwa, wewe ndiye utabaki na sahani, muuzaji ameshakula.

Kwa nini inaenda haraka? Satelaiti za zamani ziko kilometa karibu 36,000 juu, sauti inaenda na kurudi kwa kuchelewa zaidi ya nusu segonde, mazungumzo yanagongana. Hizi za Starlink ziko kama kilometa 550. Lakini inataka mbingu wazi. Miti ya mikaratusi karibu na nyumba, ama bonde nyembamba la Masisi, inakata kata kila dakika. Programu yake inakuruhusu kupima mbingu na kamera ya simu hata mbele ya kununua. Fanya hivyo.

Na hesabu ya umeme: sahani ya kawaida inakula wati 75 mpaka 100. Tuseme 90, masaa tano ya usiku, ni 450 wati-saa. Batri ya 12 V yenye 100 Ah inabeba 1,200, lakini batri ya asidi haupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo uko na 600. Inatosha usiku moja, na kesho jua lisipotoka umefungwa. Ile ndogo, Mini, inakula 25 mpaka 40. Batri ile ile inakupa siku mbili, tatu. Kwa kijiji ambako hakuna umeme, mimi ningechukua Mini bila kufikiri.

Kwa hiyo wale wanaofanya safari ya kinyume, waliomaliza masomo na sasa wanarudi Omate kufundisha ama kufanya kazi kwenye kituo cha afya, swali lao linabadilika. Kule swali la kwanza ni kilima gani, kampuni inafuata. Kama nyumba unayopewa iko bondeni, omba ingine juu, hata kama ni ndogo. Mukiwa walimu na waganga sita, nunueni sahani moja pamoja, muandike kwenye karatasi nani alitoa ngapi na nani anabaki nayo akiondoka wa mwisho. Makaratasi hayo yanazuia magomvi kuliko sala. Wekeni neno la siri refu, na lisiwe namba ya simu ya mwalimu mkuu.

Na kitu kimoja ambacho hakiandikwi mu karatasi ya matumizi: sahani nyeupe juu ya paa, mu kijiji ambako wenye silaha wanapita, inaonekana mbali. Mtu asiyekujua anaweza kufikiri unatuma habari kwa upande wa pili. Mbele ya kuifunga, enda kwa mkubwa wa kijiji na kwa viongozi wa pale, onyesha kitu chenyewe, eleza ni ya masomo ama ya dispensari, wakiweza waandike barua. Usiku ukimaliza kazi, ishushe na uiingize ndani. Mini inaingia mu mfuko wa mgongoni, hiyo nayo ni sababu ya kuipenda.